Mlingoti wa Mzee Mwandu Mboje

Ndugu waombolezaji, mbele yenu amelala Mzee Mwandu Mboje, aliyezaliwa Ngulyati tarehe 4 Machi 1938, akasoma hapohapo kijijini, akamaliza shule ya kati mwaka 1955.

Mwaka 1957 aliajiriwa serikalini kuwa fundi wa redio za mawasiliano, akatumikia Mwanza na Musoma hadi alipostaafu mwaka 1991. Alifunga ndoa na Mama Domitila tarehe 12 Agosti 1962, wakajaliwa Paschal, Specioza na Gloria. Alipohamia Bariadi alipata leseni ya redio ya ridhaa, akasimamisha mlingoti uani, akawa anazungumza na mafundi wa mbali kwa mapenzi ya ujuzi tu, pasipo biashara.

Mwaka 1993, biashara zilipofunguliwa, jirani yake Bwana Selestini alifunga mashine ya kusaga ya umeme, na tangu wiki ile redio za mtaa mzima zikaanza kukoroma. Bwana Selestini akasimama mkutanoni, akasema, “Jamani, huyu mzee anapiga soga na majini, sisi tunaachiwa mikoromo!” Watu wakacheka, na tarehe 9 Julai 1994 wakaukata mlingoti, wakamkataza kuusimamisha tena.

Marehemu hakugombana. Alizima umeme wa nyumba yake yote, akawasha redio ndogo ya betri, mkoromo ukabaki. Akatembea nayo mtaani, ukazidi kila alipoikaribia mashine, ukakatika mashine ilipozimwa. Akauona waya uliolegea kwenye swichi ukitoa cheche, akaomba aukaze bure, akafukuzwa kwa matusi. Redio zenu ziliendelea kukoroma, mlingoti ukiwa chini, wala hakuna aliyekuja kumwomba radhi.

Januari 1998 alizidiwa na shinikizo la damu. Mvua zilikuwa zimekata barabara na simu, na redio ambayo ingemwita daktari wa Mwanza ilikuwa imefungwa sandukuni. Alifariki tarehe 3 Februari, akili yake ikiwa timamu, akiagiza haya yasomwe.

Familia inawashukuru wauguzi waliokesha naye, wanakwaya, mafundi wenzake, na majirani waliochimba kaburi. Bwana Selestini, uliyeketi mstari wa mbele, majirani watakapoitwa kuweka udongo, wewe baki kitini; Mama Domitila ameukataa mkono wako.

Mzee Mwandu, amani uliyonyimwa na jirani, upewe na Mungu.