Bi Roshan Anakwenda Kuonja Mwenyewe

Mlafi mwenzangu, habari ndiyo hii: Ijumaa tarehe 30 Mei, Bi Roshan Alidina anastaafu baada ya miaka ishirini na sita kwenye kaunta ya ofisi yetu ya safari hapa North York, huku ughaibuni. Weka sahani chini kidogo unisikilize, maana keki haikatwi mpaka nimalize.

Kwa wewe uliyekuja kwa ajili ya keki tu: Bi Roshan ni mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Crescent Town, na ndiye aliyeanzisha kundi letu linalokwenda Penang, kule Malaysia, kila mwaka. Ofisi nyingine zinauza hoteli na ufukwe. Yeye aliuza kifungua kinywa! Ukija kuulizia tiketi, hata koti hujavua, ameshaanza: asubuhi unakula kitu kiitwacho nasi lemak, yaani wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, tango na pilipili yake, umefungwa kwenye jani la mgomba. Mchana laksa, tambi ndani ya mchuzi wa samaki uliotiwa ukwaju mpaka masikio yanacheza. Jioni roti canai, binamu yake chapati, unachovya kwenye dengu, na chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu. Wamalai, Wachina, Wahindi, wote wanapika mtaa mmoja. Aisee, unahama nchi kwa kuhama kiti! Watu walikuwa wakilipa huku wanameza mate.

Alikuwa na sheria moja tu: chakula cha nyumbani hakipandi ndege. Sasa si unatujua? Mtu anakwenda siku kumi, kabeba kopo la chevda, vile vitafunio vikavu vya kukaanga vinavyochakacha, kababu kwenye foili, na achari ya embe ndani ya soksi. Wateja wetu Warundi nao na unga wao wa muhogo. Hofu ya kulala njaa ugenini, basi! Kwa hiyo kila asubuhi ya safari, kabla basi la uwanja wa ndege halijaja, Bi Roshan alisimama mlangoni akalitikisa kila begi karibu na sikio, kama mtu anayechagua nazi sokoni.

"Hilo linaloimba ndani ni nini, mwanangu?"

"Dawa, Bi Roshan."

"Dawa ya kukaangwa? Fungua."

Vilivyokamatwa vilibaki ofisini, na sisi tulivishughulikia wiki nzima. Ukituona tumenenepa, usimlaumu mtu.

Kwenda mwenyewe hakwenda hata mara moja. Alisema lazima mtu abaki kwenye simu, na kweli simu zilikuja, kwao asubuhi, kwetu jioni. Hyacinthe wa Mount Dennis, mteja wetu Mrundi, alipiga akiwa kwenye fungate, kaona dagaa mezani, mke wake anacheka nyuma: "Mama Roshan, huku banakula ndagala asubuhi asubuhi! Nimefika Bujumbura ao?" Na bosi wetu, Bwana Kamrudin, mtoto wa Unguja, alipoona doriani, lile tunda la miiba lenye harufu kali, kwenye soko la kule alipagawa, akanunua mawili, akayaficha kwenye kabati la hoteli ambayo imeandika mlangoni kwamba doriani marufuku. Wafanyakazi wakawa wanafuata harufu chumba hadi chumba. Bi Roshan akamwambia kwa simu, "Kamrubhai, fungua dirisha, ule yote sasa hivi, na maganda uyatoe nje kwa miguu yako!" Bosi alikula. Mpaka leo akisikia neno doriani anatabasamu na kushika tumbo.

Halafu kuna zile Jumatatu. Kila aliyerudi alipaswa kuja kaunta kusimulia: pilipili ilikuja mwanzo au mwisho, ukwaju ulikuwa mkali au mpole. Wikiendi Bi Roshan anapika kwa kufuata masimulizi, Jumatatu anatuletea. Mlafi mwenzangu, ile laksa! Spéciose wa uhasibu aliwahi kulia juu ya bakuli, akasingizia mafua. Lakini wale waliotoka Penang walionja, wakafikiri, wakasema neno lile lile: bado kidogo. Miaka yote hiyo, bado kidogo.

Ndiyo maana tulipomkabidhi tiketi ya kundi la mwaka huu, zawadi yetu sote, tulitegemea apige vigelegele. Wapi! Aliitia kwenye droo, akamwambia Spéciose, "Nikifika nikaona chao hakifikii changu, je? Si nitakuwa nimewadanganya watu miaka yote?"

Spéciose akajibu, "Na kama chao kinakushinda?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi, dada yangu!"

Alicheka, lakini droo haikufunguliwa mwezi mzima. Bwana Kamrudin akaanza kunong'ona kuhusu kurudisha tiketi. Juzi, bila kumwambia mtu, Bi Roshan alileta begi lake jekundu na kuliweka chini ya kaunta. Anakwenda! Basi la uwanja wa ndege linakuja siku moja tu baada ya kustaafu kwake, Jumamosi asubuhi. Ofisi ilicheza kwaito hadi mteja mmoja akaogopa kuingia.

Bi Roshan, asante kwa kila bakuli, kila simu, na kila mtu uliyemfundisha kuamini jiko la mgeni. Upate kiti cha plastiki kivulini, jani la mgomba lenye wali wa moto, na mchana usio na mteja. Na tafadhali, aya inayofuata usiisome. Nenda ukakate keki.

Ameondoka? Haya. Mimi ndiye ninayekaa kwenye kaunta kuanzia Jumamosi, kwa hiyo kutikisa mabegi ni kazi yangu. Jana nililisogeza lile begi jekundu ili nifagie. Likaimba! Chaka-chaka-chaka, kopo la chevda, limejaa mpaka juu. Ofisi nzima ilisikia. Yeye mwenyewe, mwenye sheria! Nikilikamata, atafika Penang mikono mitupu na njaa kamili, kama alivyotaka sote tufike. Nikiliacha, ataketi mbele ya ile sahani aliyoisubiri maisha yake yote akiwa na kitu cha nyumbani mfukoni, endapo atavunjika moyo. Basi linafika saa mbili. Mlafi mwenzangu, ungekuwa wewe mlangoni, ungelitoa lile kopo, au ungejifanya hukusikia?