Ngozi ya Kitabu cha Mama

Dada: Haloo? Mume wangu? Mbona kelele hivyo?

Kitinda: Shikamoo, dada. Si yeye, ni mimi mdogo wako. Niko karakanani kwake.

Dada: Marahaba. Mwenyewe yuko wapi?

Kitinda: Yupo. Mkono wake uko chini ya kisu cha mashine ya kukatia karatasi, mpini nimeushika mimi. Kwa hiyo tuongee kwa adabu.

Dada: Mungu wangu! Kitinda, mwachie—

Fundi: Mke wangu, usim— aah! Aaah!

Kitinda: Nyamaza, shemeji! Dada, ile riwaya ya mama. Mabibi wa Kiingereza wanaotafuta wachumba na kunywa chai. Miaka mia mbili! Mnunuzi kaishika, kacheka. Bila ngozi yake ya zamani, eti ni karatasi za kufungia misumari. Nani kamtuma huyu mjinga aweke jalada jipya?

Dada: Mimi.

Kitinda: Haloo? Sauti inakatika!

Dada: Mimi! Kona ya shaba ya ile ngozi ilikuwa na damu. Na nywele nyeupe.

Kitinda: Mama aliteleza bafuni.

Dada: Ndivyo tulivyowaambia watu msibani. Mume wangu huyo huyo ndiye aliyekuficha, mbwa wewe! Alisema usifungwe, wewe ndiye wa mwisho wetu. Leo unamkata vidole?

Kitinda: Mama alikataa kitabu kiuzwe... Nilikirusha tu, dada. Wallahi sikulenga.

Dada: Inua kisu.

Kitinda: Ngozi iko wapi? Nipe ngozi, nimwachie.

Dada: Iko mkobani. Niko kituo cha polisi, kwenye benchi. Siku ya tatu leo. Nakuja, nakaa, wakiniuliza nasema kuna mtu namsubiri, kisha narudi nyumbani.

Kitinda: Usithubutu—

Dada: Inua, Kitinda!

Kitinda: Nimeinua! Haya, sema naye!

Fundi: Mke wangu... vipo. Vinachuruzika damu, ila vyote vitano vipo.

Dada: Toka hapo! Kimbia!

Kitinda: We! Rudi hapa! (kishindo cha mlango) Dada, si nimemwachia? Njoo basi tuyamalize nyumbani. Salio linaisha, niambie unakuja. Dada?

Dada: Mama alikuwa akitusomea kitabu kile mezani, anatuambia tukae wima.

Kitinda: Dada, nakuomba—

Dada: Naam, afande. Yule mtu niliyekuwa namsubiri ameshapiga. Nakuja.