Tone la Rangi Lililolifukuza Ghala

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Hermenegildi Libenanga, fundi sanifu wa maabara yetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Alianzia Mlimba akiwa na nywele. Alipohamia shuleni kwetu Lipangalala, nywele zilibaki njiani.

Mnyenyekevu hajawahi kuwa. Ukimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha anaanza kukusimulia rangi ya chakula, ile ya chungwa ya kutilia juisi. Ndiyo mapenzi yake ya pili baada ya Mama Yosefina, mkewe, na siku nyingine ya kwanza. Kwenye maji mengi, anasema, molekuli za rangi hutangatanga kama makapera. Ukizidisha rangi, zinayakwepa maji kwa kulaliana kama sahani kabatini. Zidisha tena, na safu hizo zote zinaelekea upande mmoja: majimaji yanayotiririka, lakini yamejipanga. Huitwa fuwele kimiminika. Mimi niliyefunga ndoa na Joachim wangu juzi tu baada ya Pasaka naelewa kabisa. Raha iliyoje kulaliana!

Mwaka juzi bodi ilitaka kugeuza maabara kuwa ghala la mpunga wa wanafunzi. Mzee akaomba aonyeshe jambo moja kwanza. Aling'oa vioo vya miwani ya jua ya makamu mkuu, Mwalimu Luciana, bila ruhusa, akavipishanisha, kila kimoja kikiuzuia mwanga uliopitishwa na kingine, hadi mwanga ukazimika, akachomeka katikati tone la rangi lililobanwa kwenye slaidi za kioo. Safu zilizojipanga huupinda mwanga, kwa hiyo lilipaswa kung'aa. Wapi! Ilikuwa saa saba mchana, Novemba ya Ifakara, na joto lilikuwa limezivuruga safu zote.

“Fundi, giza hata zizini kwangu lipo,” alisema mwenyekiti, Mzee Mashimba.

“Vumilia, mwenyekiti, zinaona haya.”

Akampokonya mwenyekiti soda yake baridi, akalilaza tone juu ya chupa, akalirudisha kati ya vioo. Rangi zikawaka, dhahabu na zambarau, kama vitenge vya harusini.

“Yaani zinajipanga zenyewe?” Mashimba aliuliza. “Ng'ombe wangu mbona hawajui hilo?”

Mpunga ukapelekwa ofisini kwa Mwalimu Luciana.

Asante sana, Mzee wetu. Jumatatu kidato cha pili wana kipindi cha vitendo, na chumba cha kukifanyia wanacho. Nenda shambani kwako Katindiuka, ulime, ule, udekezwe na Mama Yosefina. Maisha yakuendee vyema, tunakupenda mno.