Maneno Arobaini ya Mama Jane

Wasikilizaji wapendwa, kama una sufuria jikoni punguza moto, usije ukaunguza wali kwa ajili yangu. Leo tunamkumbuka Konsolata, mama Jane, wa hapa hapa Ifakara. Amefariki akiwa na miaka thelathini na mmoja. Jana ilikuwa arobaini yake.

Konsolata alizaliwa Chita. Shule aliishia darasa la nne, kwa sababu msimu ule baba yake alihitaji mtu wa kuamia ndege, na mpunga haumsubiri mwanafunzi. Darasa la nne, wasikilizaji. Akabaki na kombeo mkononi na hasira moyoni, na ile hasira alikua nayo.

Mwaka jana figo zikaanza kumsumbua. Daktari hakumficha kitu. Konsolata akatoka hospitali, akapita dukani kwa jirani yake, Bi Mboni, akaomba maboksi matupu ya sabuni na maka peni.

"Nikadhani anataka kuandika tangazo la vitumbua vyake," anasimulia Bi Mboni. "Akaniambia, 'Da Mboni, Jane ana miaka mitano, na masika hii njia ya chekechea ni maji matupu. Nataka nimwachie maneno arobaini. Arobaini tu, kabla sijaondoka.'"

Yalikuwa maneno ya kila siku. Mama. Maji. Njoo. Leo. Hapa. Kila kipande cha boksi neno moja. Hakuanza na a, e, i, o, u. Alisema neno lina sura yake kama mtu, na jirani uliyemzoea humkagui pua kwanza ndipo umsalimie.

Basi wakawa wanacheza kombolela, lakini wanaojificha ni maneno. Jane anaegemea mlango, kafumba macho. "Tayari?" Mama anajibu, "Bado!" Huyo anaficha chini ya kinu, nyuma ya picha ya Bikira Maria, ndani ya ungo. "Tayari?" "Bado!" Kisha: "Tayali!"

Ndiyo, tayali. Kipogoro kilimkaa ulimini, na hata kwenye boksi aliandika hivyo hivyo, kwa L. Bi Mboni alimcheka sana. "Konso, weka R bwana!" Naye akajibu, "Mwanangu kwangu anaisikia hivyo. Akikua atanisahihisha."

Neno likishapatikana na kusomwa, linaingia kwenye kopo la maziwa, halifichwi tena. Yakafika kumi, yakafika ishirini. Miguu ya Konsolata ikavimba, akawa anaficha karibu karibu, mwisho anaficha akiwa kitandani. Yakafika thelathini na tisa. Jumatano moja asubuhi akazidiwa, mumewe Faustin akampakia kwenye bajaji. Hakurudi.

Thelathini na tisa, wasikilizaji wapendwa. Lilibaki moja tu. Inauma.

"Tangu tumzike," anasema Faustin, "mtoto kila jioni anakwenda mlangoni, anafumba macho. 'Tayari?' Anasubiri. Mimi nashindwa kumjibu. Siyo mimi anayemuuliza."

Jana kina mama walifungua sanduku lililokuwa kando ya kitanda, wagawe nguo za marehemu kama ilivyo desturi. Bi Mboni akakunjua kitenge cha kanisani. Kikaanguka kipande cha boksi. Akakitazama, akampa Jane.

Jane hakuhangaika na L wala R. Alikitazama kama anavyomtazama mtu wa nyumbani. "Tayari," akasoma. Uso ukamchangamka. "Mama kashajificha! Nikamtafute?"

Bi Mboni anasema alikaa chini palepale, na kitenge mikononi, akalia. Jane alikwishatoka mbio, anachungulia chini ya kinu.

Faustin, pole sana. Poleni wazazi na ndugu wote wa Chita, na wewe Bi Mboni uliyetoa maboksi. Bwana ampumzishe Konsolata kwa amani. Maneno yake arobaini yametimia.

Na wewe unayenisikiliza, utakaponisikia nimenyamaza, angalia mlangoni kwako. Kama kuna mtoto amefumba macho anakuuliza "Tayari?", acha unachofanya, umjibu. Mjibu, hata kama ni kwa L.