Kasha la Manar

Kijiwe chao hapo Ibra, Omani, ni benchi moja nje ya duka la matairi la Muhanna, na alasiri hiyo hakukaliki. Mzee Thuwaini, ambaye kwa ukali wake wamembandika jina la Msumari, alikuwa amefura, simu mkononi, kikombe cha kahawa kimempoa. Alimtengenezea mjukuu wake Manar kasha la msaji la kwendea kambi ya kiangazi, mlimani Jabal Akhdar. Mwaka jana mtoto alikwenda na sanduku la plastiki. Likapasuka mbele ya wenzake, nguo zake zikatawanyika hadi za ndani, akarudi analia na kuapa haendi tena. Mwaka huu kakubali kwa ajili ya kasha la babu. Asubuhi basi limewachukua, yeye na kasha lake, na sasa mwalimu wa kambi ameleta ujumbe.

— Ati halifai! alifoka Msumari. Zito! Vijana wanne wamelibeba, wanalia migongo. Migongo gani hiyo, ya halwa?

— Mzee, hii ni biznesi, alidakia Adil, kijana wa ofisi ya maji, anayeitwa Mwanza kwa kuwa ndiko kwao. Plastiki inatengenezwa ipasuke, ununue tena. Hao wa mukhayyam, hao wenye kambi, wana asilimia yao, wallahi.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Muhanna, mwalimu mstaafu ambaye methali zake huingia popote, pawe na mlango pasiwe na mlango.

— Kibaba kimeingiaje hapa, Muhanna? aliuliza Msumari.

— Kimeingia, yakhe! Kwanza ilikuja zipu. Watu wakaacha makasha, wakashika mabegi ya zipu. Kitu cha zipu ni cha kuondoka upesi. Tazama ndoa za siku hizi!

— Zipu ndiyo inavunja ndoa? alicheka Mwanza.

— Kama si zipu, ni nini?

— Mimi ningechukua tangi la maji la faiba, alisema Mwanza, nikalikata kati, nikalitia bawaba. Hilo hata wadi ikishuka na mafuriko linaelea na mtoto ndani!

— Mjukuu wangu si samaki! Msumari aligonga benchi, vikombe vikaruka. Kasha langu halina dosari. Kufuli nimelizamisha ndani ya mbao, bawaba huzioni. Dawa yake ya pumu nimeitia humo kwa mkono wangu, isije ikapotea. Liangushe mlimani, halifunguki!

— Chanda chema huvikwa pete, alisema Muhanna. Na kasha jema kufuli.

Hiyo angalau ilimkaa Msumari moyoni. Mama yake alitoka Unguja mwaka sitini na nne, ufunguo wa kasha lake umefungwa kwenye pindo la kanga. Kasha lenyewe, na kila alichokuwa nacho duniani, likabaki chumbani. Alikufa hapa Ibra na ufunguo wake na hasira yake. Hasira ile mwanawe aliirithi nzima, na kila msumari wa shaba aliopiga kwenye kasha la Manar aliupiga nayo.

Gari likasimama kwa kishindo. Alikuwa Badria, binti yake, mama wa Manar, mtandio umemteleza.

— Shikamoo, Baba. Wamepiga simu. Manar kifua kimembana, dawa imo kashani, na kasha halifunguki. Ufunguo umempa nani?

Muhanna akasogeza vikombe ampishe benchi.

Kwao ufunguo wa kasha la mtoto hukaa kwa mkubwa, ndivyo ilivyokuwa tangu Unguja. Msumari alikuwa amefunga, akajaribu kifuniko, akaridhika, akatia ufunguo mfukoni mwa kanzu. Sasa aliupapasa, ukiwa na joto la mwili wake, na kasha liko juu ya mlima, mwendo wa saa kadhaa. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

— Wapigie, alisema.

— Wamejaribu kulivunja, Baba. Halivunjiki.

Alimnyang'anya simu, akapiga mwenyewe.

— Mwalimu? Mimi babu yake. Chukua shoka. Usipige kifuniko, utachoka bure. Lipindue, piga chini, katikati, ndiko kwenye mbao nyembamba. Nisikilize wewe! Piga! Mbao tu hizo, piga!

Akasimama pale amekamata simu sikioni, akisikiliza shoka, na kila pigo akisema, "Tena."