Handikapu ya Mkwe Wangu

Pale kwenye kona, kati ya kinyozi na fundi cherehani, pana benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Kahawa namimina mimi, maneno wanamimina wao. Juzi alikuja kukaa mkwe wangu, mkata nyasi wa uwanja wa gofu. Kesho yake alikuwa acheze na mpishi wa klabu. Atakayeshinda ndiye atakayefundisha wanafunzi wapya, mashine ya nyasi aiage. Na handikapu, zile namba za kupima uwezo wa kila mchezaji, zilikuwa zimeshabandikwa ukutani klabuni: mpishi ishirini na sita, yeye nane.

— Kakuacha mbali! alisema kinyozi, tunayemwita Bunge.

— Sivyo, Bunge. Namba kubwa ni ya mchezaji dhaifu; kwenye gofu anayepiga mara chache ndiye bora. Wanachagua kadi zako nzuri, zile za kuhesabia mapigo, wanapima na ugumu wa uwanja, ndipo wanakupa namba. Mimi na mpishi tumepishana kumi na nane, na mashimo ni kumi na nane. Kila shimo anasamehewa pigo moja.

— Kumbe ni kama kiuno, alisema fundi cherehani, ambaye kwetu ni Futi. Ukikonda, namba inashuka. Mpishi ana tumbo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yule hainami.

— Kiuno wapi! alidakia Bunge. Wanachukua umri wako, wanajumlisha na upepo. Unadhani zile bendera mashimoni ni za sherehe?

Nikaona watatupeleka mwezini, nikamgeukia mkwe wangu.

— Mwanangu, hiyo nane uliipataje?

Akainamisha kichwa.

— Mama, kadi najaza mwenyewe, mwenzangu anatia sahihi bila kuangalia. Nikipiga mia, naandika themanini. Karani anasoma kwa sauti, jamani! Niliona aibu.

Benchi liliangua kicheko hadi tofali likachomoka.

— Si kitu, alisema Bunge. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Kesho funga mkono bandeji.

— Bandeji ya nini? alisema Futi. Ajifanye amekufa. Marehemu hana handikapu.

Ndipo akafika binti yangu, mkewe, ambaye benchi lile halijawahi kumwona amekaa. Alikuwa amemletea soksi za mechi, na maneno yote, hadi kicheko kile, aliyasikia akiwa mlangoni kwa kinyozi.

— Baba watoto, huyo anayepiga themanini, kesho anakuja?

Bunge akakumbuka ana kichwa cha kunyoa. Futi akakumbuka suruali ya mtu. Mkwe wangu akabaki anazitazama zile soksi, kama vile ndizo zilizoulizwa.