Kadi Zilizopauka

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Daktari Mkuu wa hospitali ya watoto, Meneja wetu, nanyi wageni mliokubali kuketi kwenye viti vyetu vyenye madoa ya wino:

MAKARIBISHO

Karibu kwenye kiwanda chetu cha uchapaji. Umekuja kutufungulia chumba kipya cha kukagulia rangi, na ratiba inasema tukushukuru, kisha tukuombe mashine. Risala ya namna hiyo tulikuwa nayo. Jana tuliichana. Tunakuomba utuvumilie usikie hii.

HISTORIA

Chumba cha mashine kina watu kumi. Aliyetutangulia sote ni mama mmoja tunayemwita Mama Wino. Akitazama kijani anakwambia njano imezidi kidogo, ukipima unakuta kweli.

Mwaka jana hospitali yako ilituletea kazi ya kadi elfu tatu za kuwapa akina mama waliojifungua. Kadi ina safu mbili za vijisanduku vya rangi za choo cha mtoto mchanga. Safu ya juu ni rangi zilizopauka: mama akiona choo cha namna hiyo akimbilie hospitali, huenda njia ya nyongo imeziba. Safu ya chini ni njano, kijani na kahawia: hizo ni salama. Msanifu wenu alitutumia faili na ujumbe mmoja: "Msichapishe mpaka nione sampuli ya karatasi kwa macho yangu."

Alijua, kama tulivyojua sisi, kwamba skrini inatoa rangi kwa mwanga na mashine inatoa kwa wino, na hivyo viwili havielewani mpaka uvipatanishe. Hatukumpelekea sampuli. Kazi zilikuwa zimerundikana, tukaona atatuchelewesha.

MAFANIKIO

Kadi zilitoka siku mbili kabla ya muda. Tulipongezwa.

CHANGAMOTO

Mama Wino aliichukua kadi ya kwanza akaipeleka dirishani.

"Jamani, njano imekufa hapa. Hii ya salama imekuwa kama ile ya hatari."

"Ni huo mwanga, Mama," msimamizi wetu alimjibu. "Kwenye skrini iko sawa."

"Mtoto hanyi kwenye skrini."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha tukamwambia awashe mashine, akawasha.

Baada ya miezi miwili aliingia bibi mmoja, mjukuu mgongoni, kadi mkononi. Hakupiga kelele. Alitandaza nepi ya mtoto juu ya meza yetu, akaweka kadi kando yake.

"Wiki saba namwambia binti yangu, tulia, kadi inasema salama. Sasa nionyesheni, wanangu. Hii na hii zina tofauti gani?"

Macho ya mtoto yalikuwa ya njano. Mama Wino ndiye aliyevua aproni akawapeleka hospitali. Wewe mwenyewe, Daktari, ulimpasua, na unajua kuliko sisi jinsi alivyochelewa.

Ulipoandika kuuliza nani alikosea, tulijibu kwamba fundi wa mashine hakuangalia rangi. Tulisaini watu tisa. Mama Wino akahamishiwa stoo kufunga maboksi. Aliisoma barua ile, akaikunja vizuri, akasema, "Haya." Tangu siku hiyo anatusalimu kila asubuhi, nasi tunaitikia tukiangalia sakafu.

Lipo baya zaidi. Barua ilisema kadi zote zimerudi na kuchomwa. Tulikudanganya. Zilirudi zile zilizokuwa bado kwenye makabati ya zahanati. Zilizokwisha gawiwa hatukuzifuata. Juzi tulimkuta Mama Wino stoo na boksi la kadi hizo, anazihesabu. Kumbe kila siku yake ya mapumziko anapita nyumba kwa nyumba akiziomba. Bado mia tatu na kumi na sita hajazipata.

"Kwa nini hukutuambia?" tulimuuliza.

"Ningewaambia nini? Nyinyi si mlishaandika zimerudi?"

MAOMBI

Mashine hatuombi.

Tunaomba utangaze leo, kabla ya kukata utepe, kwamba kadi ile isiaminiwe, na kila mtoto aliyepimwa nayo aangaliwe upya. Orodha ya mitaa iliyobaki tunayo hapa, kwa mwandiko wa Mama Wino. Tumeomba ruhusa kwa Meneja. Tukitoka hapa tunagawana mitaa, tunaanza kubisha hodi.

Tunaomba pia uifute barua yetu, na adhabu iliyomwangukia yeye itufikie sisi, kwa kiasi utakachoona.

Mwisho, Daktari, Mama Wino hayumo humu ukumbini. Tulipopanga viti tuliona aibu kumwekea kiti, tukamwacha stoo. Tunaomba umwite wewe. Sisi hatuna uso wa kumwita.

Mungu ampe afya mtoto yule, na amfikie kabla yetu kila mtoto ambaye mama yake bado ameitunza kadi yetu.

Ni sisi, mafundi tisa wa chumba cha mashine.